Gari la baba lililosimama juu ya mawe



Kwa miaka mingi mezani kwangu, kati ya kitabu cha sala na miwani yangu, palikuwa na gari. Usishtuke. Lilikuwa gari la urefu wa sentimita 10 tu, Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Milango yake haifunguki, lakini taa, bampa na hata yule simba mdogo wa mbele, vyote vipo. Aliniletea padre mwenzangu aliyerudi kutoka masomoni Ufaransa, kwa kuwa alikuwa amechoka kunisikia nikisimulia habari za gari la marehemu baba yangu. Nililiweka ndani ya kisanduku chake, na mtoto aliyenyoosha mkono kuligusa nilimwambia kwa upole: "Tazama kwa macho."

Leo nataka tutafakari pamoja juu ya gari hilo dogo, na juu ya lile kubwa ambalo karibu liniharibie Misa zangu zote.

Duniani wako watu wengi wanaopenda magari ya zamani. Mwenye uwezo hununua gari lenyewe, akalitafutia vipuri, akalipaka rangi ile ile lililotoka nayo kiwandani. Wengine, ambao ni wengi zaidi, hukusanya magari madogo ya mfano. Kipimo kinachopendwa sana ni kile cha 1:43. Maana yake, ukiyapanga magari madogo 43 kwa mstari, moja nyuma ya jingine, unapata urefu wa gari moja halisi. Kipimo hicho kina asili yake kwenye treni za kuchezea za watoto wa Ulaya. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, ilitengeneza magari ya kuwekwa kando ya reli hizo, na kuanzia mwaka 1934 yakaitwa Dinky Toys. Kiwanda chake kilifungwa mwaka 1979, lakini mpaka leo kuna wazee wanaoyatafuta kama mtu anayetafuta shilingi iliyopotea.

Kuna na kisa cha fundi mmoja wa London, Jack Odell. Shule ya binti yake iliruhusu watoto waje na vitu vya kuchezea ikiwa tu vinaenea ndani ya kiberiti. Baba huyo akamtengenezea binti yake mashine ndogo ya kushindilia barabara, ikaingia kiberitini. Watoto wengine wakaitamani. Kutokana na zawadi hiyo ya baba kwa mwanawe, mwaka 1953 kampuni yake ikaanza kuuza magari ya Matchbox, yaani kiberiti, ambayo yamezunguka dunia nzima.

Sisi tuliokulia vijijini hatukuwa na Dinky wala Matchbox. Tulikuwa na waya, makopo ya mafuta, visoda na kandambili zilizokatika, ambazo tulizikata duara zikawa magurudumu. Usukani ulikuwa mrefu kutufika kifuani, na mlio wa injini tuliutoa kinywani. Hatukujua kwamba nasi tulikuwa mafundi wa magari ya mfano.

Je, ni dhambi kupenda vitu hivi? Hapana, ndugu yangu. Anayekaa saa tatu akisafisha gurudumu dogo kama kifungo cha shati anajifunza uvumilivu, anajifunza kutazama kitu kwa makini, anajifunza pia kuheshimu kazi ya mikono ya wengine. Hizo ni fadhila. Tatizo linaanza mahali pengine, nami nililijua kwa njia ngumu.

Wazee wenzangu mnaikumbuka Pijo 404. Yale mashindano ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita katika matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanzania. Gari hilo liliyashinda mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 mvua ilikuwa kali kiasi kwamba magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu kila mara. Na aliyeshinda 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Kwa hiyo baba yangu alipopata fedha kidogo za kahawa na mkopo kwa shemeji yake, hakufikiria gari jingine.

Alilinunua mwaka 1978 kwa mfanyabiashara mmoja wa Moshi mjini, likiwa limeshatumika sana. Lilikuwa lile la familia, la viti safu tatu, gia yake ikiwa kwenye usukani. Kijijini kwetu, huko juu migombani, gari lile halikuwa la baba peke yake. Lilipeleka kina mama wenye uchungu hospitalini usiku wa manane. Lilipeleka maharusi kanisani na marehemu makaburini. Paroko alipoharibikiwa na pikipiki yake, lilimpeleka kigangoni. Baba hakumtoza mgonjwa. Alisema tu: "Ukipona, utanisaidia kulisukuma."

Na kweli tulilisukuma. Nimelisukuma gari lile kuliko nilivyolipanda. Baada ya Vita vya Kagera mafuta yalikuwa ya shida, vipuri vilikuwa vya shida, na Jumapili alasiri magari binafsi yalizuiwa barabarani ili kubana matumizi ya mafuta. Kuna miezi gari lilikaa uani, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Lakini nikiwa mtu mzima niliposimulia habari zake, sikuwataja kuku. Nilisimulia simba wa mbele anavyong'aa na baba akipiga honi kwenye kona.

Ndivyo tulivyo. Soma Kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Waisraeli jangwani wanalia wakikumbuka samaki waliokula Misri bila gharama, na matango, na vitunguu. Hakuna hata mmoja anayekumbuka matofali na mjeledi! Kumbukumbu isiyolindwa na ukweli huchuja machungu yote ikatubakizia sukari tu, kisha ikatufanya tuidharau mana ya leo. Ndiyo maana Mhubiri, katika sura ya 7, anatukanya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, kwa kuwa swali hilo halitoki kwenye hekima.

Baba alifariki mwaka 2009. Gari lilikuwa limeshakufa kabla yake. Liliinuliwa juu ya mawe manne chini ya mparachichi, magurudumu yakaondolewa, kutu ikaanza kazi yake. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye kwa desturi yetu ndiye aliyebaki nyumbani na mama, aliniambia siku moja: "Kaka, gari hili limekwisha. Kuna fundi analitaka kwa ajili ya vipuri. Naomba tuliuze, nijenge banda la ng'ombe hapa, mama apate maziwa."

Nikamjibu: "Gari la baba haliuzwi kama chuma chakavu."

Akasema: "Kaka, wewe unakuja mara mbili kwa mwaka kulitazama. Sisi tunaishi nalo. Juzi tumeua nyoka humo ndani."

Mpendwa msomaji, hapo nilimjibu neno ambalo hadi leo naliona aibu. Nilimkumbusha nani alimlipia ada ya shule. Akanyamaza, akaenda zake. Tukakaa karibu miaka miwili bila kupigiana simu. Gari likabaki juu ya mawe, nami nikarudi parokiani nikaendelea kuhubiri upatanisho, huku lile dogo likining'alia mezani.

Krismasi iliyofuata niliadhimisha Misa kigangoni kwetu. Wakati wa Komunyo nilimwona mdogo wangu akija katika mstari wangu. Alipobakiza watu watatu hivi kunifikia, akahamia mstari wa mhudumu mwingine. Sidhani kama kuna mtu aliyetambua. Mimi nilitambua. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 5, anatuagiza kwamba ukikumbuka altareni kuwa ndugu yako ana neno nawe, uiache sadaka yako, ukapatane naye kwanza. Nami nilikuwa nimeshika Mwili wa Bwana mkononi, na ndugu yangu alikuwa ananikwepa kwa sababu ya gari lisilo na magurudumu.

Wakusanyaji wa magari ya mfano wanajua ugonjwa mmoja unaowaogopesha sana. Mengi ya magari hayo yametengenezwa kwa zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Zamani, hasa kabla ya Vita Kuu ya Pili, ilitokea zinki ikachanganyika na risasi kidogo, uchafu mdogo tu. Gari lilitoka kiwandani zuri, rangi safi. Lakini baada ya miaka lilianza kuvimba, likapata nyufa, mwishowe likavunjika vipande vipande lenyewe, hata kama lilitunzwa kabatini na halikuguswa na mtu. Ugonjwa huo hauna dawa, kwa kuwa hautoki nje. Bwana alitutahadharisha juu ya nondo, kutu na wezi, ambao wote huja kutoka nje. Lakini hazina yetu inaweza pia kuozea ndani, kwa sababu ya uchafu tulioumimina humo wenyewe. Mimi nilikuwa nimechanganya mapenzi ya baba na risasi ya kiburi. Nilitaka kuwa mwenye baba kuliko wadogo zangu.

Usiku ule wa Krismasi nilikaa jikoni na mama. Aliniacha ninywe chai hadi mwisho, kisha akasema: "Padri, mwanangu, baba yako hakulipenda gari lile likiwa limesimama. Alilipenda likiwa na watu."

Sikuwa na la kujibu. Nilitoka nikamtafuta mdogo wangu. Nilimkuta anafunga mbuzi. Nilimwomba msamaha, kwanza kwa neno la ada, halafu kwa gari. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Kaka, nishikie tochi." Nikamshikia tochi hadi alipomaliza kufunga mbuzi wote. Huo ndio ulikuwa upatanisho wetu.

Fundi alikuja Januari. Alituambia kwamba gia boksi bado ni nzima, na itaingia kwenye 404 nyingine ambayo mzee mmoja anaifufua. Kwa hiyo kuna kipande cha gari la baba ambacho bado kinatembea, ndani ya gari la mtu nisiyemjua. Chini ya mparachichi sasa kuna banda, na mama anakunywa maziwa.

Nabii Isaya anatusaidia hapa. Katika sura ya 43 (angalia, ni namba ile ile ya kipimo cha gari langu!) Mungu anawaambia watu wake wasiyang'ang'anie mambo ya kale, kwa kuwa yeye anatenda jambo jipya. Lakini sura chache mbele, ya 46, anawaambia wayakumbuke mambo ya zamani. Je, anajipinga? Hapana. Kuna kukumbuka kunakofunga njia, na kuna kukumbuka kunakofungua. Mke wa Lutu aligeuka nyuma akakwama pale pale. Waisraeli walikumbuka Pasaka, wakaamka na kutembea. Na Bwana wetu, usiku ule wa mwisho, alipotaka tumkumbuke hakutuachia kiti chake wala vazi lake tulitunze kabatini. Alituachia mkate wa kumegwa. Kumkumbuka yeye ni kufanya alichofanya, yaani kujitoa kwa ajili ya wengine.

Basi nakuuliza, mpendwa msomaji: nyumbani kwako kuna kitu gani kilichosimama juu ya mawe? Pengine si gari. Pengine ni shamba ambalo ndugu hawaongei kwa ajili yake, au nyumba ya marehemu iliyofungwa kufuli mbili, au kwaya inayokataa vijana kwa kuwa "sisi enzi zetu hatukuimba hivi". Jiulize aliyekuachia kitu hicho alikipenda kwa sababu gani, kisha uiendeleze sababu hiyo hata kama kitu chenyewe kitaondoka. Na kama una mzee nyumbani anayependa kusimulia magari ya zamani, leo baada ya Misa kaa naye. Msikilize mpaka afike kwenye kuku na kusukuma, maana huko ndiko kuliko na ukweli.

Lile gari dogo halipo tena mezani kwangu. Nilimpa mtoto wa mdogo wangu. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nililikuta vumbini karibu na banda, rangi imechubuka, gurudumu moja limepinda. Juu yake alikuwa amepanga maharage matano. Nikamuuliza hayo ni nini. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Ni watu. Nawapeleka hospitali."

Nakutakia Dominika njema. Mungu akubariki wewe, na wale mliokosana nao.