Je, Wajua? Miombo, Makala na Kalamu ya Gavana

Je, wajua kwamba msitu unaouzunguka mji wa Lubumbashi si ule msitu wa mvua tunaouona kwenye picha za Kongo? Huu ni miombo, pori la miti ya jamii ya kunde kama muputu na mutondo. Hupukutisha majani kiangazi, kisha huchipua majani mekundu hata kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka. Vinkubala (viwavi) na uyoga tunavyokula na bukari (ugali) hutoka humo. Dunia ikizungumzia hali ya hewa na Kongo, macho huenda Mbandaka na Kisangani, kwenye msitu wa mvua. Jimbo letu la Haut-Katanga husahaulika, na inaumiza, kwa sababu hapa msitu unakatwa tukitazama.

Je, wajua kwamba katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala, yaani mkaa? Zilizobaki huishia hewani, zikiwa moshi na gesi. Kila gunia linaloingia mjini juu ya baiskeli limegharimu kuni zenye uzito wake mara tano au zaidi. Simlaumu mchomaji, anatafuta karo ya watoto. Wala simlaumu mama wa mtaa wa Katuba anayewasha mbabula, jiko lake la makala, alfajiri.

Maana, je, wajua umeme wetu ulijengwa kwa ajili ya nani? Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kazi mwaka 1930 ili kuilisha migodi ya shaba. Miaka ya 1950 yakaja mabwawa ya Koni, Nzilo na Nseke. Mwaka 1982 ukakamilika mstari wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, nao ukapita juu ya vijiji vingi visivyo na taa hata moja. Maji yapo, mabwawa yapo, nyaya zipo, lakini chungu bado kinachemka kwa makala. Hakuna mpango wa kuokoa msitu wa Haut-Katanga utakaofaulu kama hauanzi na jiko la mitaa ya Lubumbashi kama Katuba, Kenya na Ruashi.

Je, wajua kwamba tarehe ya kuwasha moto porini huamua kama msitu utaishi? Ng'ambo ya mpaka, Ndola nchini Zambia, tangu mwaka 1933 wataalamu waligawa pori la miombo vipande vipande. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Kingine mwishoni, kila kitu kikiwa kikavu. Cha tatu hakikuguswa. Kilichochomwa mapema kilibaki miombo. Kisichoguswa kilizidi kusongamana. Kilichochomwa mwishoni kilipoteza miti, kikawa nyasi na vichaka. Funzo hilo halihitaji mfadhili wala mashine. Jimbo likishirikiana na machifu kuhimiza watu wachome Mei au Juni badala ya Septemba na Oktoba, tayari limefanya kazi kubwa ya hali ya hewa. Na kisiki cha miombo kikiepushwa na moto mkali huchipua chenyewe, bila kupandwa.

Je, wajua kwamba kichuguu kikubwa cha kandokando ya Lubumbashi kinaweza kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000? Udongo wake umehifadhi habari za hali ya hewa ya kale. Sisi tunauchimba kwa matofali, kisha tunayachoma matofali hayo kwa kuni za miombo.

Je, wajua mtaa wa Penga Penga, hapa Lubumbashi? Moshi wa kiwanda cha shaba, uliosukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi kwa miongo mingi, uliua mimea na kuacha ardhi tupu yenye sumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliotesha hapo nyasi zinazostahimili shaba, baada ya kuutia udongo chokaa na mbolea.

Je, wajua kwamba mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori yaliyobeba magogo kutoka Kongo, mengi yakiwa ya mti wa mukula? Mwaka 2019 mti huo uliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Kwa mapori mengi ya Kasenga, humu jimboni, ulinzi huo ulichelewa.

Je, wajua basi mamlaka ya jimbo ni yapi? Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, na Katiba ya 2006 inaweka ulinzi wa mazingira mikononi mwa Kinshasa na majimbo kwa pamoja. Lakini lipo jambo moja zito zaidi. Kwa amri ya tarehe 2 Agosti 2014, kijiji kinaweza kupewa msitu wake wa jadi, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Anayetia saini ni gavana. Mwenye hati ana sababu ya kumzuia mkataji wa usiku. Asiye nayo hukata leo, akijua kesho mwingine atakata.

Na fedha? Kanuni ya Madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 huenda kwa serikali za mitaa zenye migodi. Shaba na kobalti ndizo zilizoleta watu, matanuri na misumeno huku. Sioni chanzo cha haki zaidi cha kulipia vitalu vya miche, majiko bora na walinzi wa moto.

Je, wajua siku ya taifa ya mti? Ni tarehe 5 Desemba. Kwetu mvua huwa imeshakolea na mche hushika upesi. Kiangazi cha kwanza, kuanzia Mei, ndicho kinachoua mche usio na mtu wa kuulinda na moto.