Kifaransa cha kuuliza njia: T moja tu inaweza kukupoteza

Unaenda Bujumbura, Goma au Lubumbashi na unajua Kiswahili chako kitatosha. Sokoni kitatosha kweli. Lakini ukiuliza njia, hata anayekujibu kwa Kiswahili anaweza kuchomekea Kifaransa katikati, na vibao vingi vya barabarani ni Kifaransa.

Shika matatu kwanza. Kushoto ni à gauche, tamka "a gosh". Kulia ni à droite, "a drwat". Kunyoosha moja kwa moja ni tout droit, "tu drwa".

Umeona shida iko wapi? Droite na droit zinatofautiana kwa ile t ya mwisho. Kwenye droit imeandikwa ila haitamkwi. Kwenye droite, e inayoifuata ndiyo inafanya isikike. Ukisikia t, kata kulia. Usipoisikia, nyoosha.

Sasa jaribu kuisikia hiyo t pikipiki zikiwa zinanguruma pembeni yako! Ndiyo maana ni salama zaidi kusikiliza neno la mbele: likianza "tu" ni kunyoosha, likianza "a" ni kulia. Bado una wasiwasi? Mwombe akuonyeshe kwa mkono, hakuna aibu.

Mtego mwingine ni à côté de, "a kote de". Sikio letu linasikia "kote", lakini maana yake ni kando ya, au jirani na. Mkabala na ni en face de, "an fas de". Ukizichanganya hizi mbili utavuka barabara bure.

Kuuliza kwenyewe ni rahisi: Où est le marché? "U e le marshe", soko liko wapi? C'est loin? "Se lwen", ni mbali? Ila anza na bonjour. Kuparamia swali bila salamu kunaonekana kukosa adabu, kama tu kwetu.

Halafu kuna rond-point, "ron pwen". Sisi Watanzania tunaita kipilefti, ila kule jina hilo halifai kabisa, kwa sababu Burundi na Kongo magari hukaa upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo unapovuka kwa miguu, angalia kushoto kwanza, siyo kulia kama ulivyozoea Dar.