Thadi Pati Gatina: Elfu Saba na Mia Tano Zinanunua Nini?

Tuseme una Probox ya Sh600,000. Unailaza Gatina, huku Kawangware, Nairobi, wiki nzima, kwa sababu matatu ya 46 inakufikisha mjini kwa nauli iliyo chini ya gharama ya petroli na kuegesha, na unaitoa wikendi tu. Sheria haiulizi hayo. Sura ya 405 inataka kila gari liendalo barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, yaani thadi pati, na jirani yako ashindaye barabarani kutoka alfajiri hadi usiku kwa gari lake la kibinafsi hulipa sawa na wewe.

Kwa gari kama hilo, thadi pati huanzia karibu Sh7,500 kwa mwaka. Ongeza Sh40 za stempu na tozo mbili ndogo za jumla ya asilimia 0.45, utalipa kama Sh7,574. Pesa hizo hazikukarabatii hata taa. Zinamlinda utakayemgonga: anayevuka Naivasha Road jioni, au mama mboga aliyepanga sukuma kando ya lami. Akiumia au akifa, kampuni humlipia hadi Sh milioni 3 kwa mtu mmoja. Gari la mwenzako ukilibonda, hapo ni mkataba unaosema, si sheria, kwa hiyo soma kikomo chake kabla ya kutuma M-Pesa.

Kulazimishwa, kwangu, ni haki. Waenda kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi zaidi katika barabara za Kenya, na wakazi wengi wa Gatina hawana gari la kuwagonga wengine nalo. Anayeleta hatari ndiye alipie. Kasoro iko kwenye bei isiyotazama kilomita. Afrika Kusini dereva hukatwa kwenye kila lita ya mafuta, zaidi ya randi 2, zikaingia katika mfuko wa ajali: anayeendesha sana hulipa sana. Lakini mfuko huo umezama katika madeni, na hapa kwetu ushuru wa kutengeneza barabara ulipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mwaka 2024. Nani atathubutu kuongeza mwingine? Mwaka huohuo Mswada wa Fedha ulitaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari ikusanywe kupitia bima. Probox yetu ingedaiwa Sh15,000, mara mbili ya thadi pati yenyewe, na asilegezewe hata mwenye gari la wikendi. Pendekezo hilo liliondolewa Juni, na hakuna aliyelililia.

Linaloniudhi zaidi ni hili: unalazimishwa kununua, lakini hakuna anayekuhakikishia kuwa muuzaji atakuwepo siku ya ajali. Wenye matatu wanalijua vizuri. United Insurance ilianguka 2005, Blue Shield ikafuata 2011, zote zikiwa na magari mengi ya abiria. Kampuni ikifa, hukumu ya mahakama haifi nayo. Inarudi kwa mwenye gari, na dalali anaweza kulifuata hilo gari. Mfuko wa kufidia wenye bima, ambao wewe mwenyewe unauchangia kwenye zile tozo, una kikomo cha Sh250,000 kwa dai. Weka hiyo kando ya milioni 3 uone pengo. Kwa hiyo wakala akikupunguzia Sh800, muulize kwanza kampuni hulipa madai kwa muda gani.

Bima kubwa je, ile inayolipia na gari lako mwenyewe? Kwa asilimia 5, Probox hiyo italipiwa Sh30,000, na ukiongeza tozo ni Sh30,175. Tofauti na thadi pati ni kama Sh1,880 kwa mwezi. Ukigonga nguzo, sehemu ya kwanza ya hasara unaibeba mwenyewe. Ikiwa mkataba unasema asilimia 2.5 ya thamani, hizo ni Sh15,000, na mkwaruzo wa bampa kwa fundi wa bodi pale Kawangware hauwezi kufika huko. Bima hiyo ina maana ikiwa gari likiibwa huwezi kununua jingine, au likiwa bado na mkopo. Kuna ya katikati, inayoongeza moto na wizi juu ya thadi pati. Kwa gari la umri huu linalolala nje ya geti, ningeiulizia hiyo kwanza.

Kuna jambo moja linalowagharimu watu wa Gatina kuliko bei yoyote. Cheti kinasema gari ni la kibinafsi, lakini alfajiri limejaa magunia ya viazi kutoka soko la Marikiti, au abiria wanne wanaolipa nauli. Siku ya ajali kampuni itauliza gari lilikuwa likifanya nini, na ina sababu ya kukukatalia. Bima ya biashara ni ghali zaidi. Mwambie wakala ukweli, kisha hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa vyeti vya kidijitali kabla hajaondoka na pesa zako.