Kifaa Kiko Magadi: Utajuaje Msimbo Uliomo?

Msomaji wa Kona Baridi ametuandikia. Yeye na wenzake wanaunda kifaa cha kupima kina cha maji kwenye matangi ya visima, na vya kwanza vimeshateremshwa bondeni, njia ya Magadi. Wana msimbo wao wenyewe, wana ESP-IDF, mkusanyo wa programu wa mtengenezaji wa chipu, wana maktaba ya modemu. Anauliza: vyote vikae ghala moja la Git, au kila kimoja kiwe na lake?

Git ni nini na tawi linafunguliwaje, nayaruka. Mafunzo yake yamejaa mtandaoni. Itoshe kusema kwamba Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, wakati waundaji wa kiini cha Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, chombo chao cha awali. Kinachonifurahisha mimi ni jinsi inavyotambua vitu.

Git huyatambua yaliyomo kwenye faili, si jina lake. Huyachukua, hutanguliza aina na idadi ya baiti, kisha huyapitisha yote katika hesabu iitwayo SHA-1. Hutoka namba ya biti 160, inayoandikwa kwa tarakimu na herufi 40. Ukigeuza nukta moja, karibu nusu ya biti hizo hubadilika. Yaliyomo yakiwa yaleyale, namba ni ileile: faili tupu, iwe Kona Baridi, Muscat au Helsinki, hupata namba inayoanza na e69de29. Hakuna ofisi inayogawa namba hizi, hakuna anayeomba ruhusa, na bado dunia nzima inaafikiana!

Wataalamu huiita namba hiyo hashi. Mimi nasema chapa, na kwa wafugaji wa Kajiado neno hilo halihitaji wakili. Ila chapa ya Git ni kali kuliko ya chuma cha moto. Kila hatua ya msimbo inayohifadhiwa hupata chapa, na ndani yake huingia chapa ya hatua iliyoitangulia. Tuseme boma limeweka sheria: chapa ya ndama itokane na rangi yake, madoa yake, siku aliyozaliwa na chapa ya mama yake. Ya mama nayo ilitokana na ya bibi, hadi ng'ombe wa kwanza. Matawi mawili yakiunganishwa, ndama huchukua chapa za wazazi wote wawili. Mtu akijaribu kugeuza habari za bibi, chapa ya bibi haitalingana tena, wala ya mama, wala ya ndama. Nipe chapa ya ndama mmoja wa leo, nimeshika ukoo wote. Sasa boma limeazima dume kwa jirani. Mzembe huandika daftarini "dume la jirani". Jirani akibadilisha dume, daftari linabaki vilevile, na ndama wa mwakani ni wengine kabisa. Aliye makini huandika chapa ya dume lile hasa.

Basi jibu ndilo hilo: maktaba ya wengine ni dume la kuazima. Kila msimbo uwe na ghala lake, na juu yake kuwe na ghala kuu la bidhaa linalotaja mengine kwa chapa zao kamili. Hayo nayaita maghala tanzu, kama kampuni tanzu. ESP-IDF yenyewe imejengwa hivyo. "Toleo la karibuni" lisionekane popote katika ghala kuu.

Vutieni msimbo kutoka ghalani pia, si kutoka vifurushi vya kupakua. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri katika xz, maktaba ya kubana data inayotumika kila mahali. Sehemu iliyouwasha mlango huo haikuwemo kwenye ghala la Git; ilikuwa kwenye kifurushi tu.

Kisha chapa iingie ndani ya kifaa. Wakati wa kujenga programu, Git inaweza kuambiwa itoe chapa ya msimbo na iongeze neno "dirty" iwapo kuna badiliko ambalo halijahifadhiwa. Kifaa kikituma kina cha maji, kitume na chapa hiyo. Chenye neno "dirty" kisitoke karakana. Fikirieni 1KUNS-PF, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Hakukuwa na fundi wa kuifuata kule na kebo. Tangi la Magadi ni karibu zaidi, lakini safari yake ni mafuta na siku nzima, na fundi anayefika bila kujua kifaa kimebeba msimbo gani hutengeneza kwa kubahatisha.

Chapa ina mipaka yake. SHA-1 ilivunjwa kwa vitendo mwaka 2017 na watafiti wa CWI Amsterdam na Google. Git imewekewa kinga, na SHA-256 inapatikana. Chapa pia haifufui msimbo uliofutwa na mwenyewe, kwa hiyo wekeni nakala ya kila ghala tanzu kwenye seva yenu. Wala haitaji kompaila iliyojenga programu, kwa hiyo toleo lake liandikwe pia.

Vifaa vilivyoko bondeni tayari, visomeni kimoja kimoja mwezi huu. Ambacho hamwezi kutaja msimbo wake, kirudisheni.