Nukta tano za Zainab: zawadi ya jina la kuchonga kwa mkono

MASKATI – Jina Zainab likiandikwa kwa Kiarabu lina nukta tano. Moja juu ya ze, mbili chini ya ye, moja juu ya nuni, moja chini ya be. Sikuwahi kuzihesabu mpaka nilipoanza kumchongea bibi yangu jina lake kwenye ubao, iwe zawadi yake ya Idi.

Wengi wetu huku tukitaka zawadi kama hii tunaagiza dukani. Mashine inachonga upesi na kazi inatoka safi, sina neno nayo. Lakini bibi kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja, na juu ya mlango wa nyumba yao palikuwa na maandishi ya kuchonga. Mpaka leo hueleza babake alivyokuwa akimbeba begani ili ayaguse. Za mashine nilimwonyesha siku moja kwenye simu. Akasema, "Nzuri, lakini kama biskuti, zote sawasawa."

Maandishi ya milango ile, kama aya zilizochongwa kwenye milango ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, hayakuchimbwa kuingia ndani ya mti. Herufi zimeachwa zimeinuka. Kilichotolewa ni mbao ya pembeni mwake. Na hapo ndipo penye kazi. Mbao ukishaitoa hairudi.

Nilipata ubao wa msaji, unene sentimita tatu, nikauweka sebuleni wiki tatu kabla ya kuugusa. Hili wengi hulipuuza. Mbao iliyozoea unyevu ukiiingiza kwenye nyumba ya kiyoyozi hukauka na kupasuka, na ufa hauchagui pa kupita. Mwalimu wa khati akaniandikia jina kwenye karatasi, maana mwandiko wangu siuamini. Nikalinakili ubaoni kwa karatasi ya kaboni, kisha nikampelekea tena alitazame. Usione haya kufanya hivyo. Kosa la karatasi unalifuta, la mbao unalitundika ukutani.

Baada ya hapo ni patasi kali pembezoni mwa herufi, na bobari, ile patasi yenye mdomo uliopinda, kushusha uwanja kidogo kidogo, milimita tano hivi. Kuta za herufi usizikate wima kabisa. Ziache zitanuke kidogo chini, zipate nguvu. Hatari iko kwenye nukta. Herufi nyingi zimeshikana na wenzake, nukta imesimama peke yake kama kisiwa, na patasi butu ikiigusa inabanduka.

Yangu iliruka. Ile ya ze, ya kwanza kabisa, siku nne kabla ya Idi. Bila yake jina linasomeka Rainab.

Nilikuwa uani, nimepiga magoti kwenye maranda, natafuta kwa taa ya simu, bibi akatoka. "Watafuta nini, baba?" Nikamwambia pete. Akautazama ubao, akasoma, akanyamaza. Kisha akaketi chini, yeye na magoti yake mabovu, akaanza kuchambua maranda kama achambuaye mchele. Kipande alikiona yeye, kidogo kuliko punje ya mbaazi.

Kwa hiyo mwenye kutaka kujaribu: kipande kikiruka simamisha kazi hapo hapo, na usifagie. Kirudishe palepale kwa gundi ya mbao, nyuzi zielekee zilivyokuwa, ukibane mpaka asubuhi. Ikikauka vizuri mshono hauonekani. Wangu unaonekana, ukijua pa kutazama.

Zilizobaki zilikuwa kazi ndogo, msasa laini na mafuta. Asubuhi ya Idi, kabla sijautundika juu ya mlango wa majlisi, bibi akaomba nimpe kwanza. Akaupakata, akapitisha kidole kutoka mwisho wa jina kurudi mwanzo. Alipofika kwenye nukta ya ze akaibonyeza kidogo.

"Hii," akasema, "nimeitia mimi."