Tiketi ya Kibera, tiketi ya Luberizi

Vijana wetu walio ng'ambo wakitaka kuja kujitolea, huwa na njia mbili mbele yao: kampuni inayowauzia wiki mbili za Kibera, Nairobi, au mjomba wa Luberizi, Kongo, anayepiga simu kusema njooni mtuone.

Kibera kunafikika kwa urahisi. Tiketi kutoka Marekani mara nyingi hupita dola 1,000, na ruhusa ya kuingia Kenya ni kama dola 30. Kinachouma ni ada ya kampuni. Ombeni waandike ni kiasi gani kinabaki Kibera. Ulizeni kibali pia: kujitolea, hata bila mshahara, ni kazi mbele ya Uhamiaji. Wakidai Kibera ina watu milioni moja, shtukeni. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban 170,000. Wakiwapangia kituo cha yatima, kataeni. Novemba 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya. Wengi wa watoto wa vituo hivyo wana wazazi, na ada ya mgeni ndiyo inayofanya mwenye kituo asitake kuwarudisha nyumbani.

Luberizi hakuna kampuni. Mnashukia Bujumbura, mnavuka mpaka wa Kavimvira, mnapanda barabara ya RN5 kupitia Kiliba na Sange. Viza ya Kongo ni ghali kuliko ruhusa ya Kenya. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, ila mwenye ya zamani asilipie sindano nyingine: tangu 2016 inakubalika maisha yote. Malazi kwa mjomba mtaambiwa ni bure, kumbe mbuzi atakayechinjwa ndiye karo ya muhula. Tena tangu mapigano ya Desemba 2025 kushuka bondeni hadi mji wa Uvira, someni bima yenu kwa makini; nyingi hazilipi penye vita.

Mimi ningeiacha tiketi. Mto Mulongwe ulipobomoa nyumba za Uvira Aprili 2020, mikono haikukosekana. Zilikosekana saruji na mabati. Na kipindupindu cha mji ule kinapigwa vita kwa mabomba ya shirika la maji, Regideso, ambayo wafadhili wa nje wamesaidia kuyatengeneza. Hizo dola 1,000 zingemlipa mwashi wa Luberizi siku nyingi za kazi.

Basi tumeni pesa kwa simu, kidogo kidogo, kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja, na kila mmoja alete risiti ya duka la saruji. Mjomba atanuna. Mtumieni ya mbuzi kando.