MAELEZO KWA WASAFIRI: SIKU MOJA YA BAISKELI KATIKA VIJIJI VYA BALI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaosafiri nchi za nje, kwa masomo au kwa mapumziko, huweza kupata nafasi ya kutembelea vijiji kwa baiskeli wakiongozwa na mwenyeji. Maelezo haya yanahusu kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, ambako matembezi ya namna hiyo yamezoeleka.

Kwa kawaida wageni hupelekwa asubuhi kwa gari hadi Kintamani, ukingoni mwa bonde la volkano lenye Mlima Batur (mita 1,717) na Ziwa Batur, lililo kubwa kuliko yote kisiwani humo. Kutoka hapo njia huteremka kuelekea Ubud, ikipita mashamba ya kahawa na machungwa, kisha vijiji na majaruba ya mpunga yaliyopangwa ngazi kwa ngazi.

Msafiri asidhani kuwa majaruba hayo ni pambo. Maji yake hugawanywa na umoja wa wakulima uitwao subak, utaratibu ulioanza tangu karne ya 9. Wanachama huafikiana lini maji yafunguliwe, lini wapande na lini ardhi ipumzike. Mashamba jirani yakivunwa kwa wakati mmoja, wadudu na panya hukosa chakula na hupungua. Katika miaka ya 1970 wakulima walihimizwa kupanda mbegu mpya mfululizo pasipo kufuata zamu hizo. Maji yakawa haba na wadudu wakazidi, hata ikalazimu kuurejea utaratibu wa asili. Mwaka 2012 UNESCO iliyatia mandhari ya subak katika Urithi wa Dunia.

Hivi sasa ardhi ya mpunga inageuzwa viwanja vya hoteli na nyumba, na maji yanagombaniwa. Hivyo wingi wa wageni wanaokuja kuyatazama majaruba ni miongoni mwa sababu za kupungua kwake. Kwa ajili hiyo inashauriwa:

(a) Kukagua breki na kuvaa kofia ya kukinga kichwa kabla ya kuteremka. Vyombo hupita kushoto, kama ilivyo hapa Visiwani.

(b) Kutopita juu ya matuta ya majaruba bila ya idhini, wala kugusa vizuizi vya maji.

(c) Kuvaa saruni hekaluni, na kutokanyaga visahani vya sadaka vilivyowekwa njiani.

(d) Kuuliza kabla ya kula. Wakaazi wengi ni wa dini ya Kihindu na nyama ya nguruwe huliwa sana.

(e) Kununua matunda na kahawa kwa wanakijiji wenyewe, na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha.

(f) Kulipa ada ya rupia 150,000 inayotozwa kila mgeni kutoka nje tangu tarehe 14 Februari, 2024, kwa ajili ya kuhifadhi utamaduni na mazingira.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona iwapo mgeni ataondoka na kuacha tuta limebomoka na maji yamepotea njia.